Nyongeza isiingie kwenye sprinti kabla hamjakubaliana kinachotoka

Usizikubali hizo ripoti mbili. Unasema, ndugu yangu, kwamba mteja ameziomba siku ya nne ya sprinti (kipindi kifupi cha kutengeneza programu, chenye lengo lake) ya wiki mbili, nawe unauliza uziingize vipi, umtoze kiasi gani na utumie programu ipi kupanga kazi. Njia hiyo niliipita mimi hapa Mtwara, na aibu yake hunirudia kila msimu wa korosho.

Tulikuwa watatu, tukitengeneza mfumo wa mizani na malipo kwa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho, na lengo la sprinti lilikuwa moja tu: karani apime na mkulima apate stakabadhi sahihi kabla ya mnada wa kwanza. Siku ya sita kiongozi mmoja wa chama alinipigia simu akiomba tuongeze makato ya pembejeo, "kitu kidogo tu", nami nikaitikia palepale bila kuwauliza wenzangu wala kuandika popote. Kitu hicho kidogo kiligusa hesabu yote ya malipo, na kwa kuwa hatukuondoa kazi yoyote, kilichoachwa kimyakimya kilikuwa majaribio. Makato yakahesabiwa kwa kila stakabadhi badala ya kila mkulima, hivyo aliyepima daraja la kwanza na la pili alikatwa mara mbili. Wazee waliojaa ofisini siku ya malipo hawakuja kuniuliza habari za Skramu, utaratibu huu wa kufanya kazi kwa sprinti. Tulikesha siku tatu tukirudia hesabu kwa daftari na kikokotoo, bila ujira, na kazi ya msimu uliofuata akapewa mwingine.

Simsamehe mkufunzi aliyetufundisha, kwa ada iliyokula pikipiki yangu, kwamba ajaili, mtindo wa kutengeneza programu kwa hatua fupifupi ambao Skramu ni tawi lake, ni kupokea badiliko lolote wakati wowote. Alisoma tamko la ajaili la 2001 linalokaribisha mabadiliko hata kazi ikiwa imefika mbali, akaishia hapo. Mwongozo wa Skramu wa 2020, wa waasisi wake Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unakataza ndani ya sprinti mabadiliko yanayohatarisha lengo lake. Upana wa kazi hujadiliwa upya na mmiliki wa bidhaa, yaani anayeamua kazi ipi itangulie. Mimi sikujadili, niliitikia kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani.

Mwandikie mteja leo, hata kwa ujumbe wa simu: ripoti hizi zikiingia, kazi ipi yenye uzito sawa itoke? Akikosa cha kutoa, zisubiri sprinti ijayo, ambayo iko mbele kwa siku chache tu. Mteja wangu wa sasa, aliyeko Masasi, alinuna nilipomuuliza hivyo mara ya kwanza; mara ya pili alipiga simu akiwa ameshachagua mwenyewe cha kutoa.