Kipimo cha haraka cha selimundu hakimalizi shauri

Dada, umeuliza kama chanya ya mwanao kwenye kipimo cha haraka ina maana ni mgonjwa wa selimundu. La, hiyo chanya haisemi kama ni mgonjwa au amebeba jeni moja tu. AS (mbebaji wa jeni moja) na SS (mgonjwa mwenye jeni mbili) wote hutoka chanya: himoglobini S, ile ya selimundu, ikikosa oksijeni haiyeyuki, kichupa kinaingia ukungu na mistari iliyochorwa nyuma yake haisomeki. Basi.

Kinachokata shauri ni elektroforesi ya himoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme. AS huonyesha mikanda miwili, A (himoglobini ya kawaida) na S, na A ndiyo nyingi zaidi. SS haonyeshi A kabisa, isipokuwa ameongezewa damu, na hapo ndipo wengi hupotoshwa: chembe nyekundu za mchangiaji huishi hadi siku 120 hivi, kwa hiyo mgonjwa wa SS anaweza kusomeka kama AS. Kama ameongezewa damu, ngojeni miezi 3 hadi 4, na mwambieni mtu wa maabara kabla hajachukua damu.

Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 hata hasi ya kipimo cha haraka msiiamini, himoglobini F, ile aliyozaliwa nayo, bado ni nyingi. Na kwa kuwa huku kwetu Mombasa na Pwani wabebaji si haba, kapimweni nyinyi wazazi pia.