Waulize Madereva: Gari pana kwenye njia ya gari la ng'ombe

SWALI: Assalamu alaykum, mjomba. Nimevusha Land Cruiser 100 kutoka Unguja. Shamba letu la mikarafuu liko ndani, upande wa Mtambile, na njia yake ni ya gari la ng'ombe, ina kona kali ya kushoto. Bampa zima kabisa, lakini ubavu wa kushoto umechanika rangi kuanzia mlango wa mbele hadi kwenye gurudumu la nyuma. Kaka yangu anasema tukate mikarafuu miwili pale kwenye kona. Fundi anasema nitie spesa, vile vyuma vya kusukuma magurudumu nje, na tairi pana, gari isimame imara. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Usimsikilize hata mmoja.

Fundi kwanza. Gari yako ina upana wa milimita 1,940, vioo vya pembeni bado hujavihesabu. Land Rover 110 za zamani, ambazo sisi tukiziingiza mashambani zikitoka na magunia ya karafuu, zilikuwa milimita 1,790. Tofauti ni sentimita 15, na sentimita 15 hizo ndizo zilizobaki kwenye magome ya miti yenu. Sasa huyo fundi anataka ayasukume magurudumu nje zaidi! Spesa juu ya hayo huzidishia beringi mzigo. Mwambie akuangalizie breki, inatosha.

Kaka yako naye anataka kukata mti unaomlisha. Mkarafuu haukupi kitu mpaka upite miaka sita au zaidi tangu kupandwa, na ukitunzwa vyema unaweza kupita miaka mia. Wala msidhani kuuchubua tu ni jambo dogo. Ule ugonjwa unaokausha matawi huingilia kwenye kidonda cha gome, kwa hiyo kila unapoparuza unaufungulia mlango. Rangi ya gari hupakwa tena kwa siku moja.

Sasa tuje kwako wewe. Umesema bampa zima na mchaniko unaanzia mlangoni, basi dereva anaipitisha pua salama halafu anaisahau nyuma. Gurudumu la nyuma halifuati njia ya la mbele, hukata ndani. Kwa gari ndefu kama hiyo, ukikunja sukani yote, linaingia ndani zaidi ya nusu mita. Huniamini? Tafuta kiwanja cha mchanga, kunja sukani mpaka mwisho, zunguka taratibu, kisha shuka utazame alama za matairi. Utaziona nne, kila moja na njia yake, na ya nyuma ya ndani iko mbali na ulikodhani.

Kwa hiyo kona ya kushoto usiikumbatie. Ipeleke pua kulia kadiri njia inavyokuruhusu, nenda mbele hata uone umechelewa kukunja, mti wa ndani uwe umefika usawa wa bega lako, ndipo ukunje. Ukisikia umegusa, usilazimishe. Simama, rudi kinyumenyume juu ya alama zako zile zile, uipanue kona, uingie tena. Hakuna aibu kuingia kona mara tatu. Aibu ni ule mlio wa bati.

Tena wewe umekaa kulia, ubavu wa kushoto huuoni. Panga vifuu vya nazi kwenye uwanja wa nyumbani, ujaribu kuvivunja kwa tairi la mbele la kushoto bila kuchungulia. Mwanzo utavikosa vyote na watoto watakucheka. Endelea mpaka ujue kifuu kinapotelea sehemu gani ya boneti kabla hakijavunjika. Ukishaijua sehemu hiyo, unajua tairi lako liko wapi, kisiki kiwepo au shimo liwepo.

Njiani kunja vioo na utie gia ya nguvu, gari itambae yenyewe. Mwenye kuelekeza awe mmoja tu. Wakiwa watatu, mmoja atasema njoo na mwengine atasema simama. Atangulie mbele mbali kidogo, akuonyeshe kwa mkono, wala asisimame baina ya gari na mti. Akikupotea machoni, kanyaga breki. Mvua ikiwa imenyesha kwenye ule udongo mwekundu wa mteremkoni, usiingie kabisa: gari huteleza kuelekea bondeni, na inapoinama ni keria ya juu inayoupiga mti kabla ya mlango.

Na msimu wa kuchuma, ningekuwa mimi, hiyo Land Cruiser ningeiacha barabarani na magunia yakatoka kwa ng'ombe. Njia ni yao.

SWALI: Mjomba, tunaopita msitu wa Ngezi kwenda Vumawimbi tunakutana na gari za wageni, kila mtu anapanda pembeni juu ya mizizi. Nani ampishe mwenzake? Na upepo wa tairi tupunguze kwa ajili ya mchanga?
Bi S., Konde

JIBU: Bibi yangu, arudi nyuma yule aliye karibu zaidi na sehemu pana, awe mwenyeji awe mgeni. Pembeni asipande mtu. Ule ni msitu wa hifadhi, na kwenye majani makavu ndiko visiki vinakojificha. Ukikutana na gari la ng'ombe usibishane, rudi wewe. Ng'ombe hawana rivasi.

Upepo punguza kidogo tu, tena pale mchanga unapokushinda. Tairi lililolegea hutanua mashavu, na shavu likichomwa na kisiki ndio basi, halizibiki kama pancha ya kawaida. Ukitoka kwenye mchanga jaza upepo kabla hujashika lami ya kwenda Wete. Pampu ya mguu inatosha, ila mpe kijana aikanyage.