Barua kwa mwanangu: Atakayeamka Bukoba ni nani?

Mwanangu Doto,

Salamu kutoka Nyegezi. Swali lako nimelipata: mashine ikipima kila chembe ya mwili wako hapa Mwanza, ikaunda mwili kama huo Bukoba, na huu wa hapa ukateketezwa, atakayeamka Bukoba ni wewe?

Si wewe. Hebu ondoa kwanza huo moto. Mashine imemuunda wa Bukoba, nawe umebaki hapa mzima. Nyote mnaapa kuwa ni Doto, mna kovu lile lile gotini na mnakumbuka namba ile ile ya siri ya simu. Yeye akijikwaa, wewe huumii. Basi ni wawili, na kukuteketeza wewe hakumgeuzi yeye chochote.

Kufanana ni jambo jingine kabisa. Wewe na Kulwa mlitoka kwenye yai moja lililogawanyika, lakini alama zenu za vidole ni tofauti, kwa sababu michirizi ile hujichora tumboni na kila kidole hubanwa kivyake.

Wengi hutaja kondoo Dolly, nakala ya kondoo mwingine, aliyezaliwa Scotland mwaka 1996. Kiini, yaani sehemu yenye vinasaba, cha seli ya kiwele cha kondoo mkubwa kiliingizwa kwenye yai lililotolewa kiini chake. Katika mayai 277, alizaliwa mmoja tu. Hata yeye hakuwa nakala kamili: vinasaba (DNA) vya mitokondria, vile vijisehemu vinavyoipa seli nguvu, vilitoka kwa mwenye yai. Wala kumbukumbu hazikuhama, maana hizo zimo katika miunganiko ya seli za ubongo, ambazo binadamu anazo kama bilioni 86.

Utasema mwili nao hubadilika, na seli nyekundu za damu huishi siku 120 hivi. Ni kweli, lakini hubadilishwa kidogo kidogo, kama mtumbwi unaotolewa ubao mmoja mmoja huku ukiendelea kuvua.

Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1984 kwamba kuwa yule yule si hoja. Cha maana ni kumbukumbu na tabia kuendelea. Hoja nzito hiyo, sikatai. Pengine mwenzio angeishi na wa Bukoba asitambue. Ila fikiria mkopo wa Saccos. Yule anakumbuka kusaini, lakini hakusaini. Alama ya dole gumba haitasaidia kitu, maana safari hii nayo imenakiliwa. Atahitajika shahidi aliyekuwa kando ya mashine ilipowashwa, akijua nani aliingia kwa miguu yake.

Msalimie Kulwa.

Mama yako