Mwaka wa kujitolea Ujerumani: jifunze kusema mapema

Vijana wengi kutoka Tanzania na Kenya huenda Ujerumani kujitolea kwa miezi 12 kwenye nyumba za kutunzia wazee, chekechea, hospitali na vituo vya watu wenye ulemavu. Milango mikubwa ni miwili. FSJ (Freiwilliges Soziales Jahr, mwaka wa hiari wa huduma za jamii) ni ya walio chini ya miaka 27. BFD (Bundesfreiwilligendienst, huduma ya kujitolea ya serikali kuu), iliyoanza mwaka 2011 Wajerumani waliposimamisha jeshi la lazima, haina ukomo wa umri. Ushauri mwingi unaosambaa huishia kwenye viza. Sisi tunaanzia pale unaposhuka kwenye treni na begi lako, maana mwaka huharibikia hapo, na mara nyingi chanzo ni kimoja: mtu alinyamaza alipotakiwa kusema.

Kabla hujalala usiku wa kwanza, bandika jina lako kwenye sanduku la barua, liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Asipoona jina, tarishi huirudisha barua ilikotoka, na nchi ile bado inaendeshwa kwa barua: kadi ya bima ya afya, namba ya siri ya benki, namba ya kodi, miadi ya ofisi ya wageni, vyote hupita kwenye kisanduku hicho. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia unatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi. Shughuli hiyo wanaiita Anmeldung. Unakwenda na pasipoti pamoja na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Fomu hiyo iombe siku ya kwanza, kwa sababu namba ya kodi haitumwi kwa asiyeandikishwa, na ukichelewa hapo kila kitu kingine kinachelewa nawe.

Ukipata bahasha ya njano, usiiweke juu ya friji. Tarishi huandika juu yake tarehe aliyoileta, na siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia hiyo. Ipeleke kesho yake kwa msimamizi wako kazini, hata kama unadhani umeielewa. Tazama pia tarehe ya mwisho ya viza. Kama ni fupi kuliko mkataba, peleka maombi ya kibali cha ukaazi kabla haijaisha, tena mapema, kwa kuwa miadi huweza kuchukua wiki nyingi. Aliyeomba kabla ya tarehe ukaaji wake unabaki halali wakati anasubiri. Aliyeomba baada yake yuko kwenye matatizo.

Sasa kazi yenyewe. Tuchukue nyumba ya wazee, ambako wengi wetu hupangiwa. Zamu ya asubuhi huanza kama saa kumi na mbili na nusu, na hutanguliwa na makabidhiano: walioshika zamu ya usiku wanawaeleza wanaoingia nani hakulala, nani ameanguka, nani hataki kula. Wanaongea haraka, kwa vifupisho na lafudhi ya mkoa wao, na hapa ndipo adabu ya nyumbani hutuponza. Kijana amelelewa kutomkatiza mkubwa, kwa hiyo anaitikia ndiyo, ndiyo, huku hajaelewa. Mjerumani akisikia ndiyo anachukulia kwamba umeelewa na utatenda. Chukua kijidaftari, andika majina na namba za vyumba, kisha mwishoni rudia ulichokisikia: "Chumba 12 nampa chai, chumba 14 bado, sivyo?" Hakuna atakayekuona mjinga. Mtu wanayemwogopa pale ni yule asiyeuliza.

Saa nazo zina mtego. Ukiambiwa uje "halb acht", maana yake ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, kwetu saa moja na nusu asubuhi. Aliyezoea Kiingereza atasikia 8:30 na kufika saa nzima baadaye. Dawa ni kurudia kwa tarakimu: sieben Uhr dreißig? Ukishakubaliwa, andika.

Majina ya heshima nayo yanageuka. Kwetu kumwita mzee bibi au babu ni kumpa haki yake. Kule, kumwita mkazi wa nyumba ya wazee "Oma", yaani bibi, huchukuliwa kama kumfanya mtoto. Mwite Frau (Bi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo, tumia "Sie", yaani "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe aseme vingine, na mtazame machoni unapomsalimu. Kuinamisha macho, ambako kwetu ni adabu, wao huweza kukusoma kama mtu anayeficha jambo.

Unapomhudumia mtu kitandani, kwanza pandisha kitanda hadi usawa wa nyonga zako. Asiyefanya hivyo mgongo humuuma ndani ya mwezi. Kabla mzee hajasimama kutoka kwenye kiti cha magurudumu, funga breki zote mbili na ukunje vikanyagio vya miguu. Akivikanyaga, kiti kinapinduka mbele naye.

Zaidi ya yote, angalia maji. Wapo wazee ambao koo halimezi vizuri, na vinywaji vyao huchanganywa na unga maalumu ili viwe vizito kama uji. Mzee kama huyo atakushika mkono akuombe maji baridi kwa sauti ya upole, nawe moyo utakuuma. Ukimpa maji mepesi yanaweza kupitia njia ya hewa yakaingia mapafuni, na homa ya mapafu kwa mtu wa umri ule huua. Soma kwanza karatasi yake au muulize muuguzi. Wakati wa kumlisha, mkalishe wima, mpe kijiko kidogo kidogo, na akimaliza asilale chali hapohapo. Dawa, sindano na vidonda si kazi ya mtu wa kujitolea, hata siku watumishi wakiwa wachache. Sema tu: "Das darf ich nicht", hilo siruhusiwi.

Ukiugua, piga simu kabla zamu haijaanza, si baada. Uliza tangu mwanzo cheti cha daktari wanakitaka siku ya ngapi, maana kuna sehemu hukitaka kuanzia siku ya kwanza. Usiku au mwishoni mwa wiki, kwa ugonjwa usio wa kufa na kupona, piga 116117. Kwa dharura piga 112.

Posho ni ndogo. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa mwaka 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi, na wengi hulipwa pungufu ya hapo. Chakula na malazi hutegemea mkataba. Kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, inayolipwa na kaya nzima, hivyo mnaoishi pamoja gawaneni badala ya kila mmoja kulipa yake. Na waambie wa nyumbani kiasi halisi unacholipwa, kwa tarakimu, mwezi wa kwanza. Ukinyamaza watakukadiria mshahara, na utajikuta unakula mkate mkavu ili usiwaangushe.

Koti la baridi usilinunue Kariakoo wala Gikomba. Subiri ulinunue kule, la mtumba, pamoja na viatu visivyoingiza maji. Chumbani fungua dirisha lote dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, hata kukiwa na theluji, la sivyo ukungu mweusi utaota ukutani na mwenye nyumba atakudai. Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua Jumamosi. Sembe hupatikana kwenye maduka ya Waafrika, na majira ya baridi tafuta Grünkohl: ni ndugu wa sukuma wiki na inaiva vilevile, ila ikatekate nyembamba. Desemba giza huingia kama saa kumi jioni. Ukiona hutaki kutoka kitandani hata siku za mapumziko, mwambie mratibu wa taasisi iliyokupeleka. Wanayajua hayo, na siku 25 za semina kwa mwaka zimewekwa pia kwa ajili ya mazungumzo ya namna hiyo.

Mahali pa kazi pakikushinda, usiache kwa hasira. Kibali chako kimefungwa na huduma hiyo, kwa hiyo zungumza na mratibu, apatikane wa kukupokea kwanza, ndipo usaini kuondoka. Anayetaka kuendelea na mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu aanze kutuma maombi nusu mwaka kabla, na cheti cha huduma akiombe miezi miwili kabla ya kumaliza, msimamizi aliyemwona akifanya kazi akiwa bado yupo wa kukiandika.