Topido mezani: usipime umbali kabla hujajua adui anaelekea wapi

Wengi wanaocheza vita vya manowari mezani, kwa meli za mfano, huichukulia topido, kombora la chini ya maji, kama mzinga. Wanasoma jedwali, wanaona inafika yadi 6,000, wanapima, wanarusha dadu. Mchezo unakwenda, ila hapo hakuna topido. Risasi ya mzinga huruka kwa sekunde. Topido inaogelea kwa dakika kadhaa, na dakika hizo zikiisha meli uliyoilenga imeshahama.

Sisi hapa Kigoma tunachezea sakafuni, meza haitoshi. Ushauri wangu wa kwanza ni vipimo: zamu moja iwe dakika tatu, na sentimita moja iwe yadi 100. Chombo chenye mwendo wa noti moja, yaani maili moja ya bahari kwa saa, husogea takriban yadi 100 kwa dakika tatu. Kwa hiyo manowari ya noti 30 unaisogeza sentimita 30, topido ya noti 45 sentimita 45, na simu ya kupigia hesabu inabaki mfukoni. Kupimia tunatumia uzi wa nyavu wa pale Kibirizi, tumeutia alama ya wino kila sentimita tano. Unafuata kona meli inapogeuka, rula haiwezi.

Sasa chukua topido ya Mark 15 ya Marekani, ya Vita vya Pili vya Dunia. Ilikuwa na mipango mitatu: noti 45 kwa yadi 6,000, noti 33.5 kwa yadi 10,000, na noti 26.5 kwa yadi 15,000. Ukiiweka kwenye noti 45, safari yake yote ni sentimita 60, zamu moja na theluthi, dakika nne basi. Adui anayekujia kwa noti 30 atasogea sentimita 40 ndani ya dakika hizo, kwa hiyo unaweza kumfyatulia akiwa sentimita 100 kutoka kwako. Akikupa mgongo, lazima awe ndani ya sentimita 20. Topido ni ileile, lakini umbali ni yadi 10,000 au 2,000! Na ile ya noti 26.5 mkimbiaji huyo haimfikii kamwe.

“Kaka, mbona imeishia njiani?” aliniuliza kijana mmoja tunayecheza naye, uzi bado mkononi.

“Umekimbiwa, mdogo wangu.”

Ufyatuaji uwe siri. Andika kwenye kikaratasi zamu, pembe, mwendo na idadi, kunja, kiweke chini ya kizibo cha soda. Mpinzani aendelee kusogeza meli zake bila kujua. Njia zikikutana, fungua karatasi na mkague dakika kwa dakika. Kukagua mwisho wa zamu tu kunaiacha topido ipite katikati ya meli kama hewa.

Pembe ya kutawanya, yaani nafasi kati ya topido zinazofyatuliwa pamoja, nayo ina hesabu nyepesi. Kwenye sentimita 60, digrii moja ni kama sentimita moja. Kruza, yaani manowari kubwa, yenye urefu wa yadi 200 ni sentimita mbili, kwa hiyo ikikaa ubavu, nafasi ya digrii moja kati ya topido na topido haimpi pa kupita. Ukiweka digrii tatu anaweza kupenya.

(Kila mgeni hapa hutaka tucheze vita vya Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba ikiwa bado ya Wajerumani na inaitwa Graf von Götzen. Hapana. Meli nyingine za Wajerumani, Kingani ilitekwa Desemba 1915 na Hedwig von Wissmann ikazamishwa Februari 1916, zote kwa mizinga, si topido.)

Anayetaka topido ya Type 93 ya Japani aandae ukumbi. Mita 20,000 kwa noti 48 ni karibu sentimita 219 za sakafu. Lakini kufika mbali si kupiga: mchana wa tarehe 27 Februari 1942, kwenye vita vya Bahari ya Java, Wajapani walifyatua topido nyingi kutoka mbali, na manowari iliyopigwa nazo ni Kortenaer ya Uholanzi. De Ruyter na Java, kruza za Uholanzi, zilipigwa kwa topido usiku.

Faida nyingine ya Type 93 ni kutumia oksijeni badala ya hewa ya kawaida: haikuacha mapovu ya kuonekana sana. Kwa hiyo mchana, topido ya kawaida ikibakiza sentimita 10 tunamwonya anayelengwa, naye anaruhusiwa kugeuka mara moja. Type 93 ikija, hatumwambii kitu.