Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kutumia Git Hata Pasipo na Intaneti

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana watatu tunaoandika programu ya hesabu kwa ajili ya chama cha wakulima wa miwa. Wawili tunaishi Kisumu, na mwenzetu yuko Mumias karibu na wakulima wenyewe. Hupokezana kazi kwa flashi, na sasa tuna folda zinazoitwa "makato_mapya", "makato_mapya_2" na "makato_ya_mwisho_kabisa". Juzi mmoja wetu alinakili folda yake juu ya ile ya mwenzake, na marekebisho mengi yakapotea. Tumeshauriwa tutumie Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, ila intaneti ya mwenzetu ni ya kubahatisha. Tuanzie wapi? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Anzeni leo, kwenye vipakatalishi mlivyo navyo, wala msingoje intaneti. Mifumo ya awali ya kudhibiti matoleo, yaani kutunza kila hatua ya mabadiliko ya faili, kama vile CVS na Subversion, huweka historia ya kazi kwenye seva moja, na anayetaka kurekodi mabadiliko yake sharti aifikie seva hiyo kwanza. Git ni mfumo uliogatuliwa: kila mwenye nakala ya kazi huwa na historia yake yote tangu siku ya kwanza. Mwenzenu wa Mumias anaweza kurekodi mabadiliko, kulinganisha faili ya leo na ilivyokuwa mwezi uliopita, na kurudi nyuma akikosea, bila hata kununua bando. Mawasiliano yanahitajika tu wakati wa kupelekeana kazi.

Mfumo huu uliundwa kwa watu waliotawanyika kama nyinyi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alianza kuuandika Aprili 2005, baada ya waandishi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bila malipo mfumo wa BitKeeper waliokuwa wakiutumia tangu 2002. Mwezi huo huo ndipo Mercurial, mfumo mwingine wa aina hii, ulipoanza. Nawashauri mshike Git, kwa sababu ndio unaojulikana na watu wengi zaidi na hamtakosa wa kumuuliza.

Mkishaiweka Git kwenye kompyuta, kila mmoja ajitambulishe mara moja kwa amri mbili, zinazoandikwa kwenye dirisha la amri (terminal): «git config --global user.name "Jina lako"», na nyingine ya namna hiyo yenye «user.email» na anwani yako ya baruapepe. Msilipuuze jambo hili, kwa kuwa jina hilo litaandikwa kwenye kila rekodi, na siku chama kitakapouliza ni nani aliyebadilisha kiwango cha makato, jibu litakuwapo.

Kisha mmoja wenu, aliye na folda iliyo sahihi kuliko zote, aingie ndani yake na kuandika «git init». Git itaunda humo folda iliyofichwa iitwayo «.git», ambamo historia yote itatunzwa. Anayeifuta folda hiyo hupoteza historia, ingawa faili zake za kawaida hubaki. Baada ya hapo, kazi ya kila siku huzunguka amri tatu. «git status» huonyesha kilichobadilika, «git add» huchagua yale unayotaka yaingie kwenye rekodi, na «git commit -m "ujumbe"» huyarekodi. Wanaoanza hushangaa kwa nini kuchagua na kurekodi ni hatua mbili. Tuseme leo umerekebisha hesabu ya usafiri, na papo hapo ukabadilisha rangi za ukurasa wa kwanza. Hayo ni mambo mawili, na hatua ya kuchagua hukuwezesha kuyarekodi mbalimbali, ili rangi zikikataliwa uweze kuziondoa pasipo kuigusa hesabu.

Kuhusu ujumbe wa rekodi nina msimamo mkali. Ujumbe kama "mabadiliko" au "nimemaliza" hauna faida kwa yeyote. Andikeni lililofanyika na sababu yake: "Rekebisha makato ya usafiri: tani zilikuwa zikizidishwa mara mbili." Mkitazama baadaye kwa «git log --oneline», mtaona kila ujumbe ukitanguliwa na kitambulisho kifupi cha herufi na tarakimu. Kitambulisho kamili kwa kawaida huwa na alama 40, nacho hukokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na kitambulisho cha rekodi iliyotangulia. Kwa hiyo, mtu akibadilisha rekodi ya zamani, vitambulisho vyote vinavyoifuata hubadilika pia, na wenzake wenye nakala zao wataona tofauti. Kwa programu inayogusa fedha za wakulima, naliona jambo hili kuwa na uzito mkubwa.

Kuhusu kupelekeana kazi, flashi yenu bado inafaa, ila kwa utaratibu mwingine. Fungueni ndani yake hazina tupu, yaani folda ya kutunzia historia ya Git pekee, kwa «git init --bare E:/makato.git», mkiweka herufi ya flashi yenu mahali pa E. Mwenye kazi aitambulishe kwa «git remote add flashi E:/makato.git», kisha aipeleke kwa «git push flashi main». Ikiwa tawi lenu, yaani mkondo wa rekodi mnaoufanyia kazi, linaitwa «master», andikeni hilo badala ya «main». Amri ya «git branch» itawaonyesha jina lake. Mwenzenu wa Mumias ataichomeka flashi na kuandika «git clone E:/makato.git», naye atapata kazi pamoja na historia yote. Tangu hapo atatumia «git pull» kuchukua yaliyo mapya na «git push» kurudisha yake. Huenda Git ikakataa kuisoma folda ya flashi kwa kutilia shaka umiliki wake. Hilo likitokea, someni ujumbe wenyewe hadi mwisho, kwani huwa umeandika amri ya kuiruhusu.

Ipo siku wawili kati yenu watagusa mstari mmoja. Mmoja ameandika kwamba usafiri ni tani mara 750, na mwingine tani mara 820. Git haitamchagulia mtu wala kufuta kazi ya yeyote, bali itasimama na kuwaonyesha mistari yote miwili ndani ya faili: juu yake kuna alama saba za «<», katikati alama saba za «=», na chini alama saba za «>». Pigianeni simu, mkubaliane ni kiwango kipi kilicho sahihi, mwache mstari huo peke yake na kuondoa alama zote, kisha mfanye «git add» na «git commit» kama kawaida. Wengi huingiwa na hofu wakiona alama hizo na kuifuta folda nzima. Hakuna kilichoharibika; na mkitaka kuahirisha mjadala, «git merge --abort» itawarudisha mlipokuwa kabla ya kuunganisha.

Jambo la mwisho kwenu, na naomba mlitimize kabla ya rekodi ya kwanza: msiweke ndani ya Git majina ya wakulima, nambari zao za vitambulisho na simu, wala nywila ya hifadhidata. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kila nakala ya hazina yenu itazibeba popote itakapokwenda. Undeni faili iitwayo «.gitignore», mwandike ndani yake majina ya faili na folda ambazo Git isizichukue. Faili iliyokwisha kurekodiwa haiondoki kwa kuandikwa humo, na hata ukiifuta leo, bado ipo kwenye historia. Nywila iliyoingia kwa bahati mbaya ibadilisheni kwanza, kisha ndipo mshughulikie usafi wa historia.

SWALI: Mimi ni mwalimu, nami huandika mazoezi ya wanafunzi kwa Microsoft Word. Je, Git itanifaa? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kwa sasa, sikushauri. Git hulinganisha maandishi mstari kwa mstari, ilhali faili ya Word ni kifurushi kilichobanwa. Itahifadhi kila toleo, lakini haitaweza kukuonyesha kwa urahisi sentensi iliyobadilika, na hiyo ndiyo faida unayoitafuta. Word yenyewe ina uwezo wa kufuatilia mabadiliko, nao unatosha kwa kazi ya mtu mmoja. Ukihamia kwenye maandishi matupu, kwa mfano LaTeX, mfumo wa kupanga hati kwa maandishi na amri, ambayo walimu wengi wa hisabati huipenda, tuandikie tena.

SWALI: Je, Git na GitHub ni kitu kimoja? Nimejaribu kupeleka kazi yangu GitHub, nayo inaikataa nywila yangu ingawa ni sahihi. (Msomaji, Bungoma)

JIBU: Si kitu kimoja. Git ni programu iliyo kwenye kompyuta yako. GitHub ni huduma ya mtandaoni iliyoanza 2008, inayomilikiwa na Microsoft tangu 2018, ambako watu huweka nakala za hazina zao. Unaweza kutumia Git miaka yote bila kuigusa.

Nywila yako inakataliwa kwa sababu tangu Agosti 2021 GitHub haikubali nywila ya akaunti kwa kazi za Git. Tengeneza ufunguo wa SSH, unaokutambulisha kwa GitHub badala ya nywila, kwa amri ya «ssh-keygen -t ed25519», ambayo itakupa faili mbili. Ile inayoishia na «.pub» ifungue, unakili maandishi yake na kuyabandika kwenye mipangilio ya akaunti yako, sehemu ya funguo za SSH. Ile nyingine isitoke kwenye kompyuta yako, na usimtumie mtu yeyote, hata anayekusaidia. Kisha hakikisha anwani ya hazina yako inaanza na «git@github.com», kwa sababu ikianza na «https» ufunguo huo hautatumika, na utaendelea kuulizwa nywila.