Setilaiti ya wanafunzi: anzeni na kamera, boksi litafuata

Wadogo zangu mnaosoma uhandisi hapa Dar mmekuwa mkiniuliza mnaanzia wapi kutengeneza setilaiti ndogo ya kupiga picha za dunia kwa infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Nimepita kwenye kikundi cha namna hiyo chuoni, na nawaambia hivi: kabla ya kununua hata skrubu moja, kubalianeni mnataka kuona nini, kisha kioneni kwanza mkiwa hapa hapa chini.

Boksi, yaani umbo la setilaiti yenyewe, lisiwaumize kichwa. Kipimo cha CubeSat, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kilibuniwa Marekani mwaka 1999, na majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishapeleka wa kwao, 1KUNS-PF, mwaka 2018. Ugumu uko kwenye kamera.

Sisi tulitaka kujua joto la mitaa, Manzese iliyosongamana mabati na Masaki yenye miti. Tukapanda juu ya ghorofa na kamera ya joto, jua la Januari likiwa utosini. Mabati mapya yakaonekana ya baridi kuliko lami, wakati ukiyagusa yanakuunguza! Bati linalong'aa hutoa mionzi kidogo sana ya joto lake, halafu linaakisi anga, ambalo kwa kamera hiyo ni baridi. Bati lenye kutu linatoa mionzi zaidi, hivyo linaonekana la moto kama lilivyo. Asiyelijua hili atapokea picha kutoka angani na kuwapa watu wa manispaa majibu ya uongo kuhusu nyumba ambazo watoto wanashindwa kulala kwa joto. Kwangu mimi, mchana ule juu ya ghorofa ulikuwa na faida kuliko mihadhara mingi.

Halafu pigeni hesabu. Kutoka kilomita 400 juu, kwa lenzi ya milimita 50 na kihisi (kipande kinachopokea picha) chenye pikseli, yaani nukta za picha, za maikromita 12, pikseli moja inafunika karibu mita 100 ardhini. Nyumba moja moja hamtaiona, mtaa mtauona. Setilaiti nayo inapita zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kwa hiyo mita hizo 100 zinapita ndani ya milisekunde kama 14, na vihisi vya bei nafuu visivyohitaji kupoozwa huchukua milisekunde kama 10 kuitikia. Picha itavutika. Zungusheni kamera mezani kwa kasi inayolingana na hiyo, muone inavutika kiasi gani.

Lenzi tengeni fungu lake mapema: kioo cha kawaida hakipitishi mionzi hii, zinatakiwa za jemaniamu, na ni ghali. Mawingu nayo hayapenyeki, kwa hiyo masika msitegemee mengi.

Suala la masafa ya redio, yaani TCRA (mamlaka ya mawasiliano) hapa nyumbani na IARU (umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa) kama mtatumia masafa ya redio za ridhaa, mkabidhini mtu mmoja asiye na kazi nyingine, aanze barua zake wiki hii hii.